Gobore lenye mifereji ndani ya mtutu likitawanya risasi

Kabla ya kugusa vilengeo, okota kitambaa kilichofungia risasi. Huanguka hatua chache tu mbele ya mtutu. Kikiwa kizima, na masizi yako katikati, shida haiko hapo. Kilichoungua kinasema mafuta yaliyopakwa kitambaa yalikuwa haba au baruti imezidi. Kilichochanika kama kwa wembe kinashtaki kingo kali za mifereji, au za mdomo wa mtutu.

Mtutu wa inchi 0.50 kwa kawaida hupenda risasi ya duara ya inchi 0.490 na kitambaa cha pamba chenye unene wa inchi 0.015. Anza na greni (kipimo cha baruti) 60 za baruti nyeusi, uongeze 5 kila mara, risasi tano kwa kila kipimo, bila kuvuka kikomo cha mtengenezaji. Baruti isiyo na moshi usiitie kamwe, itapasua mtutu.

Lakini mara nyingi mkosaji ni masizi. Kila ukishapiga, pitisha kitambaa chenye unyevunyevu, kisha kikavu. Tia alama kwenye mdeki (fimbo ya kushindilia), pale fimbo inapokutana na mdomo wa mtutu risasi ikiwa imekaa sawasawa. Alama ikibaki juu ya mdomo, risasi haijafika kwenye baruti: usifyatue, shindilia kwanza. Pengo hilo huweza kuuvimbisha mtutu.