Unakwenda kusimamia darasa la saba? Anza na chai

Mwalimu mwenzangu, nimesimamia mitihani Temeke na Ilala tangu kabla ya simu za tachi. Mtoto wa miaka 13 haibi mtihani mpaka mkubwa amfundishe. Kwa hiyo walinde watoto, lakini watazame zaidi wakubwa.

Kunywa chai kwako. Shuleni, hasa za kulipia, utawekewa supu, chapati, na pembeni bahasha "ya nauli". Ukishakula supu ya mwenyeji saa moja, saa tatu utaona haya kumfukuza mwalimu wake dirishani. Wengine husema wamefunga. Mimi husema nimeshakunywa nyumbani, maana uongo asubuhi ya mtihani haupendezi.

Kabla watoto hawajaingia, kagua kuta, chini ya madawati, kisha vyooni. Usitume mtu chooni, nenda mwenyewe. Bahasha ya mtihani waonyeshe watoto ikiwa bado imefungwa, ndipo uichane mbele yao.

Maswali mengi ni ya kuchagua, na hapo ndipo wajanja wanapoponea. Jibu zima ni herufi moja: hupita kwa kikohozi, kwa vidole dirishani, kwa mpishi anayegonga sufuria bila sababu. Asiyehusika asikae karibu na chumba, awe mwalimu wa taaluma au mwenye shule. Simu zote zibaki nje, na yako ikiwamo.

Ukikamata mtu, usipige kofi wala kelele. Andika saa, namba ya mtahiniwa na ulichokiona, hifadhi kikaratasi, mwite msimamizi mkuu. Kufuta matokeo ni kazi ya Baraza la Mitihani, nalo halina utani: mwaka 2018 lilifuta ya shule kadhaa, zikiwamo za hapa Dar, watoto wakarudia mtihani Oktoba. Walioiba walikuwa wakubwa, waliorudia ni watoto.

Mwenye shule atakulalamikia kwamba unamharibia jina. Tangu 2023 Baraza limeacha kutangaza shule kumi bora, ila mabango ya "A tupu" barabarani bado yapo, na ada hupanda kwa mabango hayo. Mwache alalamike.

Mwisho wa kila somo, hesabu karatasi za majibu watoto wakiwa bado wamekaa. Ikipungua hata moja, hatoki mtu.