Fayawoli ya duka lenye kamera na waifai ya wateja: namna ninavyoiweka Lubumbashi

"Sasa mwanangu, hii kamera inazungumza na nani saa hizi?" Aliniuliza hivyo mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Kampemba. Nilikuwa nimefungua Torch, chombo kilichomo ndani ya ruta za MikroTik kinachoonyesha nani anapitisha nini, na anwani ngeni zilikuwa zikipishana kila sekunde. Kamera nne, kompyuta ya mhasibu na simu za wateja waliokuwa wakisubiri saruji, vyote vilikuwa mtandao mmoja. Mwizi hakuwa ameingia bado, lakini yeyote aliyepewa neno la siri la waifai angeweza kuifikia kompyuta ya hesabu.

Ndiyo maana kazi kubwa ya mwongozo huu iko ndani ya duka: kutenganisha. Natumia MikroTik hEX, ruta ndogo yenye poti tano (matundu ya waya) na mfumo wa RouterOS 7; ndani yake ndimo ilimo fayawoli, yaani kichujio kinachoamua nani apite na nani azuiwe. Ukiwa na kifaa cha kampuni nyingine, fikra ni ile ile, menyu ndizo zinazobadilika.

Kwanza, karatasi na kalamu

Fuata kila waya kwa mkono mpaka mwisho wake. Pale Kampemba nilikuta swichi ndogo nyuma ya katoni za misumari, imejaa vumbi, na hakuna aliyekumbuka nani aliiweka. Kisha gawa vyote katika makundi matatu: ofisi (kaunta, mhasibu, printa), kamera pamoja na mashine yake ya kurekodi, na wateja. Mimi napanga hivi: poti 1 modemu ya intaneti, poti 2 na 3 ofisi, poti 4 kamera, poti 5 antena ya waifai ya wateja.

Hatua ya 1: Umeme na saa

Delestaji, umeme kukatwa kwa zamu, tunaijua sote. hEX inakubali umeme wa DC wa volti 12, kwa hiyo UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti hizo inaitosha. Weka na modemu kwenye UPS yake, la sivyo fayawoli itabaki hai bila intaneti.

Kuna jambo mafundi wengi wanalipita. Kifaa hiki hakina betri ya saa: umeme ukikatika, kikiwaka kinaanza na saa isiyo sahihi. Tena Kongo ina saa mbili, na Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Ukija kuuliza "nani aliingia saa nane usiku", kumbukumbu zenye saa mbovu hazitakusaidia. Amri hizi mbili, ya kwanza ya ukanda wa saa na ya pili ya kuchukua saa sahihi kutoka intaneti, utaziandika kwenye Terminal ya Winbox, programu ya MikroTik ya kusimamia kifaa, ukishaingia na kubadilisha neno la siri kama Hatua ya 2 inavyoeleza; amri nyingine zote zinaandikwa hapo hapo.

`/system clock set time-zone-autodetect=no time-zone-name=Africa/Lubumbashi`
`/system ntp client set enabled=yes servers=pool.ntp.org`

Hatua ya 2: Funga milango ya kifaa chenyewe

Chomeka kompyuta yako poti 2, fungua Winbox, ingia kwa 192.168.88.1. Badilisha neno la siri kabla ya jambo lolote, kisha sasisha:

`/system package update install`

Usiahirishe hatua hii. Mwaka 2018 iligundulika kasoro iliyopewa namba CVE-2018-14847: mtu wa mbali aliweza kusoma mafaili ya kifaa kupitia poti ya Winbox, 8291 (hii ni namba ya mlango wa mtandao, si tundu la waya), yakiwemo maneno ya siri. Dawa ilitoka Aprili mwaka huo huo, lakini vifaa vingi viliachwa bila kusasishwa na vikatekwa ili kuchimba sarafu za kidijitali. Basi zima na huduma usizozihitaji:

`/ip service disable telnet,ftp,www,api,api-ssl`
`/ip service set winbox address=192.168.88.0/24`

Hatua ya 3: Tenganisha poti

Poti 2 hadi 5 zinakuja zimeunganishwa pamoja kwenye daraja moja (bridge). Toa ya 4 na ya 5, uzipe anwani zao:

`/interface bridge port remove [find interface=ether4]`
`/interface bridge port remove [find interface=ether5]`
`/ip address add address=192.168.20.1/24 interface=ether4`
`/ip address add address=192.168.30.1/24 interface=ether5`

Halafu, kwenye menyu za Winbox, fuata IP, DHCP Server, DHCP Setup, inayogawia vifaa anwani, mara moja kwa poti 4 na mara moja kwa poti 5. Ukiulizwa DNS ya wateja (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani), andika 9.9.9.9 ili simu zao zisihitaji kuiuliza ruta yako.

Hatua ya 4: Sheria

Hapa ndipo wengi wanaamini wamemaliza, kumbe bado. Sheria zinazokuja na kifaa zinazuia wanaotoka intaneti, lakini haziwazuii wateja wa poti 5 kwenda ofisini. Anwani tofauti peke yake si ukuta, kwa kuwa ruta inawapitisha tu.

Kabla ya kuandika, bonyeza Safe Mode ndani ya Winbox. Niliwahi kuandika sheria ya kuzuia kabla ya ile ya kuruhusu, nikajifungia nje ya kifaa, na duka la watu likakaa bila mtandao asubuhi nzima. Ukiwa ndani ya Safe Mode, muunganisho ukikatika mabadiliko yanafutwa yenyewe.

`/ip firewall filter`
`add chain=forward action=accept in-interface=bridge out-interface-list=WAN`
`add chain=forward action=accept in-interface=bridge out-interface=ether4`
`add chain=forward action=accept in-interface=ether5 out-interface-list=WAN`
`add chain=forward action=drop comment="mengine yote"`

Kifaa kinasoma kutoka juu kwenda chini, na sheria ya kwanza inayolingana ndiyo inayoamua. Ndani ya amri hizo, bridge ni ofisi na WAN ni upande wa intaneti. Ofisi inaenda intaneti na inaziona kamera. Wateja wanaenda intaneti, basi. Kamera hazina ruhusa yoyote, ila zikiitwa na ofisi zinajibu, kwa sababu juu kabisa kuna sheria iliyokuja na kifaa inayopitisha majibu ya mazungumzo yaliyokwisha kuanzishwa. Usiifute hiyo.

Mwenye duka atataka kuona kamera akiwa Kasumbalesa. Njia ninayoiamini ni WireGuard, njia ya siri (VPN) iliyomo ndani ya RouterOS 7, lakini inahitaji anwani ya umma, yaani inayofikika moja kwa moja kutoka intaneti. Angalia anwani ya poti 1, au ile ya modemu yako: ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, hauna anwani ya umma, uiombe kwa mtoa huduma. Ikishindikana, ruhusu mashine ya kurekodi peke yake itoke, kamera zenyewe zibaki ndani. Usifungue poti kuelekea kamera kutoka intaneti, hata mwenye duka akikusihi.

Hatua ya 5: Jaribu kama adui

Ingia kwenye waifai ya wateja kwa simu yako, jaribu kuifikia kompyuta ya mhasibu. Ikijibu wakati sheria ziko sawa, huenda ni muunganisho wa zamani uliobaki wazi: nenda IP, Firewall, Connections, uufute, ujaribu tena. Halafu mwombe mhasibu atoe risiti moja ukiwa bado pale. Vyote vikikubali, toka kwenye Safe Mode ili mabadiliko yabaki.

Hatua ya 6: Nakala

`/export file=duka`

Faili hilo nalihifadhi kwenye flashi. Neno la siri naliandika kwenye karatasi, ndani ya bahasha, na bahasha inakaa kwa mwenye duka.

Baada ya wiki moja, rudi uangalie namba ya pakiti kwenye sheria ya "mengine yote". Kwa mama wa Kampemba ilikuwa inapanda mchana na usiku. Nikawasha kumbukumbu kwenye sheria hiyo, anwani zote zikaanza na 192.168.20. Nikamwonyesha: kamera bado zinaita, na hakuna anayezijibu.