Umepigwa na askari? Hatua za kufuata kabla alama hazijapotea

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya usaidizi wa kisheria hapa Kigoma, mama mmoja wa Gungu alinijia na mwanawe, dereva bodaboda. Kijana alikamatwa jioni kwa kutovaa helmeti, akatiwa pingu, akapigwa virungu akiwa tayari ameketishwa ndani ya difenda, akalala lokapu, asubuhi akaachiwa bila shitaka lolote. Walinifikia siku ya sita. Shati lililokuwa na damu mama alishalifua kwa sabuni ya kipande na kulipiga pasi. Mgongoni michubuko ilibaki kama kivuli. Hospitali hawakwenda, walinunua vidonge vya maumivu dukani. Nami kwa ugeni wangu nikawachukua moja kwa moja kwenda kulalamika kituoni. Tukaulizwa swali moja tu: "PF3 iko wapi?", yaani fomu ya polisi ya aliyejeruhiwa. Sikuwa na cha kuweka mezani. Shauri likafia pale kaunta.

Yule mama hakunilaumu. Aliniambia, "Mwanangu, tungejua tusingefua." Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya neno lake hilo.

Kabla ya hatua: nguvu halali inaishia wapi

Sheria inamruhusu polisi kutumia nguvu, na ni vizuri tuseme hivyo wazi, kwa sababu malalamiko yanayosema "askari alinigusa" hayafiki mbali. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inasema mtu akijisalimisha kwa maneno au kwa vitendo, hakuna haja hata ya kumshika mwili. Akikataa au akikimbia, askari atumie nguvu inayotosha kumkamata na kumzuia asitoroke, na isizidi hapo. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopitishwa Havana mwaka 1990 zinasema vilevile: nguvu iwe ya lazima na ilingane na hatari iliyopo, na silaha ya moto ni kwa ajili ya kuokoa uhai.

Mimi huwauliza watu hivi: wakati unapigwa, kulikuwa na kitu gani ambacho askari alikuwa bado anakizuia? Ulikimbia kutoka mwalo wa Kibirizi, ukadakwa ukaangushwa, ukachubuka goti: hapo askari ana maelezo. Umeshafungwa pingu, umeketi, unapigwa makofi utaje wenzako: hapo hana. Kumbeba kwa tanganyika jeki, yaani kumkamata suruali kiunoni na kumwinua juu, mtu anayetembea kwa miguu yake mwenyewe ni kumdhalilisha, tena mbele ya wanawe na majirani. Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(e), imesema: "ni marufuku kwa mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha." Imesema mtu. Haikusema raia. Kwa mkoa wetu neno hilo lina uzito wake. Kijana wa Kasulu au Buhigwe akifungua mdomo na lafudhi yake ya Kiha anaambiwa ni Mrundi, na anayemwambia anaona hapo ameshapata ruhusa. Hata angekuwa Mrundi kweli, hata angekuwa ametoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ibara hiyo inamkinga.

Hatua ya 1: Hospitali, siku hiyohiyo

Ukiachiwa saa 9 usiku, nenda saa 9 usiku. Kama hali ni mbaya, matibabu yatangulie karatasi. Mwambie daktari wa zamu kwamba umepigwa, umepigwa na nani, na kwa kitu gani. Watu wetu wanaogopa, wanasema "nilianguka na pikipiki", na neno hilo linaandikwa kwenye faili. Miezi 8 baadaye linasomwa mahakamani dhidi yao.

Usisubiri daktari aulize. Taja kila sehemu inayouma. Ukipigwa kofi la sikio ukasikia mlio au maji yanatoka, sema, ngoma ya sikio inaweza kuwa imepasuka na inaonekana kwa kifaa. Ukipigwa nyayo, sema hata kama ngozi haijachanika, maana nyayo huvimba ndani na kutembea ndiko kunakotoa ushahidi. Pingu zilizobana huacha mistari kwenye vifundo vya mikono na ganzi kwenye vidole. Na hili nalisisitiza kuliko yote: mtu aliyepigwa sana kwenye misuli, mapaja na mgongo, akianza kukojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi, arudi hospitali mara moja. Misuli iliyopondwa humwaga sumu kwenye damu na figo zinaweza kusimama. Hapo tunazungumzia uhai wake. Kesi itasubiri.

Hatua ya 2: RB na PF3

RB ni namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. PF3 ni fomu namba 3 ya polisi. Polisi wanajaza sehemu yao, daktari anajaza yake, na ndiyo inayounganisha jeraha lako na tukio. Ugumu unauona mwenyewe: fomu anaitoa yuleyule unayemlalamikia. Sheria haikulazimishi urudi kituo kilekile. Nenda kituo kingine, au panda kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya (OCD). Nenda na mtu mzima anayeheshimika: mwenyekiti wa mtaa, shehe, mchungaji, mwalimu. Usiende na kundi.

Maneno ya kaunta yawe mafupi. Mimi huwafundisha hivi: "Habari za kazi, afande. Nimejeruhiwa jana usiku, naomba kufungua taarifa nipate RB, na naomba PF3 niende hospitali." Usianze kumtaja askari mwenzake kwa hasira. Maelezo yake utayatoa ukiandikiwa maelezo, na hapo useme yote bila kupunguza.

PF3 ni bure, RB ni bure. Ukiombwa "hela ya kutoa kopi", uliza kwa upole kama utapewa risiti. Ukikataliwa kabisa, andika saa, jina la kituo na namba ya askari aliyekukatalia, kisha nenda katibiwe hivyohivyo. Kukataliwa nako ni sehemu ya malalamiko yako.

Daktari akimaliza, hakikisha kabla hujatoka mlangoni: jina lake, cheo, sahihi, tarehe na muhuri. Nimeshaona fomu nzuri kabisa isiyo na muhuri. Piga picha pande zote mbili kabla hujairudisha polisi, kwa sababu ikisharudishwa inaingia kwenye jalada na jalada hulishiki wewe.

Hatua ya 3: Picha na nguo

Piga picha mchana, karibu na dirisha au nje kivulini, bila mwanga wa simu. Picha ya kwanza ioneshe uso na jeraha pamoja, ijulikane mwili ni wa nani. Ya pili isogee karibu, na kando ya jeraha weka rula au sarafu ya shilingi 200 ili ukubwa uonekane. Ngozi yetu nyeusi huficha mchubuko siku ya kwanza, kwa hiyo rudia siku ya 2 na ya 3, rangi itakuwa imejitokeza.

Usizitume kwa WhatsApp kama picha za kawaida, maana zinabanwa na taarifa za saa na tarehe zinaondoka. Zitume kama faili, na za asili ziache kwenye simu iliyozipiga. Wala usikimbilie kuzirusha mtandaoni ukiwa na hasira na jina la askari usiye na uhakika naye. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu taarifa za uongo, na kosa la jina moja litakugeuza wewe kuwa mshitakiwa.

Nguo usifue. Ziache zikauke kivulini, ziweke kwenye mfuko wa kaki au zifunge kwa gazeti. Kwenye mfuko wa nailoni damu hufanya ukungu.

Kama kuna aliyerekodi tukio, mtafute siku hiyohiyo. Daudi Mwangosi, mwandishi wa habari, aliuawa Nyololo, Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012, mbele ya waandishi wenzake waliokuwa na kamera, na nchi nzima iliziona picha zile za mtu mmoja amezungukwa na askari. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Wengi walisema miaka 15 ni michache kwa uhai wa mtu, nami ni mmoja wao. Lakini fikiria tukio hilo lingekuwaje bila picha hata moja.

Hatua ya 4: Daftari

Kaa chini uandike kabla hujalala mara ya pili. Saa ya kukamatwa, mahali penyewe ("mbele ya duka la vipuri, kona ya kuingia sokoni", siyo "Mwanga" tu, ambalo ni eneo zima), waliokuwepo, namba ya gari, herufi na tarakimu za kwenye sare, ulipigwa na kitu gani na mara ngapi, nani alikuwa zamu, uliachiwa saa ngapi. Saa zina kazi. Muda wa msingi wa kukuhoji ni saa 4 tangu uwekwe chini ya ulinzi, na ukiongezwa uongezwe kwa utaratibu. Ndani ya saa 24 ufikishwe mahakamani au upewe dhamana, isipokuwa kwa makosa ambayo sheria imeyanyima dhamana. Una haki ya kuwasiliana na ndugu au wakili, na ukiomba matibabu ukiwa ndani upatiwe. Aliyeandika saa anaweza kuonesha zilizovunjwa.

Usiongeze chumvi. Ukipigwa virungu 3 usiandike 10. Daktari ataona 3, na zile 7 zitaua zote.

Hatua ya 5: Barua

Iende kwa OCD, nakala kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa na kwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Ukurasa mmoja unatosha:

"Mimi ni mkazi wa mtaa wa ..., Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Tarehe ... saa ... nilikamatwa eneo la ... na askari mwenye namba ... Nikiwa nimefungwa pingu na sijakaidi, nilipigwa kwa ... sehemu za ... Nilitibiwa hospitali ya ... tarehe ... Nimeambatisha nakala ya PF3 na picha. Naomba uchunguzi ufanyike na nijulishwe matokeo kwa maandishi."

Peleka nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Barua isiyo na muhuri ni kama hukuandika. Kama uliombwa rushwa ili utolewe, hilo lipeleke TAKUKURU, namba 113, kupiga ni bure.

Hatua ya 6: Kama wamekufungulia kesi

Mara nyingi anayelalamika hujikuta amebambikiwa shitaka. Siku ya kwanza mbele ya hakimu, hata kama hujaulizwa, nyoosha mkono: "Mheshimiwa, nilipigwa nikiwa mikononi mwa polisi, naomba iandikwe na niruhusiwe kwenda kutibiwa." Ikishaandikwa kwenye mwenendo wa kesi, haifutiki.

Na kama kwa kipigo ulitia sahihi maelezo ya onyo, yaani yale polisi wanayokuandika baada ya kukuonya kwamba yanaweza kutumika dhidi yako, pinga pale upande wa mashtaka unapoomba yapokelewe kama kielelezo, kabla hayajapokelewa. Mahakama italazimika kwanza kuchunguza kama uliyatoa kwa hiari. Ukinyamaza hadi wakati wa kujitetea, umechelewa. Nimewaona wafungwa waliokuwa na makovu ya kweli na hawakujua jambo hili moja.

Hatua ya 7: Nje ya polisi

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora imewekwa na Ibara ya 129 ya Katiba. Inapokea malalamiko bure, kwa mdomo au kwa maandishi, na mtu anaweza kulalamika kwa niaba ya mwenzake. Haitagusa shauri ambalo tayari liko mahakamani, kwa hiyo angalia nini kinatangulia. Hutoa mapendekezo, haitoi hukumu. Hata hivyo barua yake kwa mkubwa wa mkoa nimeona ikiamsha jalada lililolala.

Ukitaka fidia, unaishitaki Serikali, na lazima kwanza utoe notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kesi ya madai ya aina hii ina ukomo wa miaka 3. Mahakama Kuu ipo hapahapa Kigoma, na ndugu zetu wa Tabora wanayo yao. Hapa tafuta wakili. Asiye na uwezo aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kama ndugu yenu amefia mahabusu

Msizike kwanza. Najua ninachokisema ni kigumu, hasa kwa Ujiji ambako maiti ya asubuhi huzikwa kabla ya jua kuzama, na wazee wataona mnamchelewesha marehemu. Zungumzeni na shehe mapema, mwelezeni sababu. Sheria ya Uchunguzi wa Vifo inataka kifo cha mtu aliye mahabusu kichunguzwe. Ombeni kwa maandishi uchunguzi wa mwili ufanyike, daktari mnayemwamini awepo pamoja na ndugu mmoja mwenye moyo mgumu, apige picha na kuandika. Mkishazika, kufukua kunahitaji amri ya mahakama.

Kufuatilia

Baada ya wiki 2 rudi uliza. Beba lile daftari, andika jina la aliyekujibu, tarehe na alichosema, hata kama alichosema ni "njoo kesho". Nyaraka zote weka mahali pawili: nyumbani, na kwa mtu asiyeishi kwako. Ya tatu ukitaka niwekee mimi, sanduku langu lina nafasi.