Unawatafuta waliokuzaa? Anzia nyumbani, mahakama ije mwisho (kwa watu wa Kigoma na Tabora)

Karibu kila anayenipigia anaanza na mahakama. "Dada, nasikia faili langu limefungwa Mahakama Kuu, nalifunguaje?" Na mi namuuliza, nani kakwambia kuna faili? Maana huku kwetu watoto wengi waliolelewa na watu wasiowazaa hawajawahi kupita mbele ya jaji hata siku moja, mtoto alichukuliwa na mama mdogo, au jirani, au mke wa mchungaji, akaandikishwa shule kwa jina la mlezi, maisha yakaendelea. Hapo hamna cha kufungua. Ukikimbilia wakili kabla hujalijua hilo utamaliza hela zako na utarudi nyumbani na karatasi inayosema jina lako halipo.

Mi ni msaidizi wa kisheria, nakaa Kigoma mjini, kazi hii ya kusaidia watu kutafuta asili yao nimeingia polepole kupitia kesi za matunzo ya watoto, na naandika kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe mtu akija kwangu.

Hatua ya 1: jua ulichukuliwaje

Kuna njia nne na kila moja inaacha alama zake. Ya kwanza ni ndugu au jirani kukulea tu, hapo alama ni watu, karatasi hamna. Ya pili ni malezi ya kambo, yani ustawi wa jamii walikuweka kwa familia, hapo kuna kumbukumbu halmashauri. Ya tatu ulikaa kwenye makao ya watoto, hapo kuna kitabu cha kupokelea watoto, na kama uliokotwa basi polisi nao waliandika. Ya nne ndio kuasiliwa kwenyewe kwa amri ya mahakama, na hii ndio yenye kumbukumbu zilizofungwa.

Kuasili saa hivi kunaongozwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kabla ya hapo kulikuwa na Sheria ya Kuasili Watoto, Sura ya 335, ambayo hii mpya iliifuta. Nakwambia hivi kwa sababu ukizaliwa miaka ya 80 au 90 amri yako ilitoka chini ya ile ya zamani, usije ukashangaa karatasi zinataja sheria nyingine. Na hiyo ya 2009 ina kifungu nakipenda sana, kinasema mtoto ana haki ya jina, utaifa na kuwajua wazazi wake waliomzaa na ukoo wake. Kiandike mahali, utakihitaji huko mbele.

Hatua ya 2: ongea na waliokulea, na uongee mapema

Hapa ndipo watu wanaogopa na ndipo taarifa nyingi zilipo. Mama mlezi akisikia unatafuta anaona kama unamwambia hakuwa mama wa kutosha. Kwa hiyo usianze na swali. Kaa nae siku ametulia, mchambue mboga pamoja, mwambie "mama mi ni wako, siendi popote, ila nataka kujua nilikotoka kabla wanaojua hawajaondoka". Hilo la mwisho ni kweli na wazee wanalielewa kuliko unavyodhani.

Akifunguka usimkate. Ulizia vitu vidogo: nilikuja nikiwa nimevaa nini, nani alinileta, alikuja kwa treni au kwa gari au kwa boti, alikuwa anaongea lugha gani, kulikuwa na mvua au kiangazi, baba alikuwa anafanya kazi wapi wakati ule. Huku magharibi kazi ndio ramani ya watu. Waha wengi walishuka Urambo na Kaliua kulima tumbaku, wengine chumvi Uvinza, wengine dagaa Kibirizi, wengine reli, na Tabora ni makutano, reli ya Kigoma, ya Mwanza na ya Mpanda zote zinapita pale. Kaka mmoja alikuwa anawatafuta ndugu zake Urambo kote kwa sababu aliachwa pale akiwa mchanga, kumbe mama alikuwa kibarua wa msimu tu, kwao ni vijijini Kasulu. Aliyetuonyesha njia ni bibi mmoja aliyekumbuka kwamba "yule mama alikuwa anasalimia kwa Kiha".

Ukiruhusiwa, rekodi kwa simu. Usipoambiwa kitu siku ya kwanza usilazimishe, rudi wiki nyingine.

Hatua ya 3: lisome jina lako

Hii hatua huwezi kuikuta kwenye fomu yoyote na mi naithamini kuliko zote. Walezi wengi walibadilisha jina la ukoo ila jina la utotoni likabaki, hata kama linatumika nyumbani tu. Sasa huku kwetu majina yanaongea.

Kama wanakuita Chiza na ni la kuzaliwa nalo, kwa Waha Chiza ni anayewafuata mapacha, maana yake kuna Bukuru na Butoyi waliokutangulia, una ndugu wawili wakubwa waliozaliwa siku moja. Usukumani na Unyamwezini ni vile vile, Kulwa na Doto ni mapacha, Shija ndio anayefuata. Ukienda kijijini ukauliza "mnamjua mama aliyezaa mapacha alafu akapata mtoto mwingine ambae hakukaa nae?" wazee watakumbuka, mapacha hawasahauliki. Mabula ni wa mvua. Ila jina pekee sio ushahidi, wapo wanaorithishwa jina la babu tu, kwa hiyo lichukue kama dalili alafu litafutie la kuliunga mkono.

Kwa waliolelewa kwenye nyumba za Kiislamu, Ujiji hasa na Tabora mjini, angalia jina la pili. Dini inataka mtoto wa kulea aitwe kwa baba yake aliyemzaa na sio kwa mlezi, kwa hiyo inawezekana kabisa jina unalolibeba tangu darasa la kwanza ndio la baba yako mwenyewe na hukuwahi kuuliza kwanini halifanani na la mzee. Ulizia na kunyonya pia, kama mama mlezi alikunyonyesha mna udugu wa ziwa na hilo linagusa ndoa.

Hatua ya 4: makaratasi madogo

Tafuta kwenye lile begi la chini ya kitanda, kila nyumba inalo. Kadi ya kliniki, tangazo la kizazi toka hospitali, cheti cha ubatizo, barua za zamani, picha zenye maandishi nyuma. Cheti cha kuzaliwa usikitazame jina tu, tazama tarehe ya kuandikishwa. Ukiona ulizaliwa 1988 ukaandikishwa 1999, basi aliyetoa taarifa alikuwa anasimulia tu, wazazi walioandikwa pale wanaweza kuwa walezi.

Kanisani nenda kwa heshima na uende siku ya ofisi, sio Jumapili baada ya misa. Wakatoliki wanatunza rejesta za ubatizo vizuri mno, na sheria ya kanisa inaelekeza kwamba mtoto aliyeasiliwa waandikwe wazazi walioasili na, kama kumbukumbu za serikali za mahali pale zinawataja, waandikwe na waliomzaa. Omba kuona ingizo lenyewe kitabuni, maana cheti wanachokuandikia ni ufupisho, na pembeni mwa ingizo huwa kuna maandishi madogo. Angalia na jina la msimamizi wa ubatizo. Mara nyingi yule ni mtu wa karibu na mama mzazi na anaweza kuwa bado yupo parokia ile ile.

Hatua ya 5: afisa ustawi wa jamii

Nenda ofisi ya halmashauri ya wilaya ulikolelewa, sio unakoishi sasa. Peleka barua ya kurasa moja: wewe ni nani, ulizaliwa au ulipokelewa lini, walezi ni nani, unataka nini. Ambatisha kopi ya kitambulisho cha NIDA na cheti. Peleka nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokea ubaki nayo. Mafaili ya zamani yapo kwenye maboksi na afisa aliyekuhudumia alishahama, kwa hiyo utaambiwa rudi, na utarudi. Kuwa mpole lakini usipotee.

Kama mlipita makao ya watoto, afisa ndiye aandike barua ya kuomba kumbukumbu zako. Ukienda mwenyewe bila barua hiyo wana haki ya kukukatalia, wanalinda siri za watoto wengine pia, na tangu 2023 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayowabana.

Hatua ya 6: RITA na mahakama, kwa wale wa njia ya nne tu

Mahakama ikishatoa amri ya kuasili, taarifa zinaenda RITA, yani wakala wa serikali wa kuandikisha vizazi na vifo, huko kuna rejesta ya watoto walioasiliwa, na ingizo lako la kwanza la kuzaliwa linawekewa alama kwamba umeasiliwa. Kinachounganisha yale maingizo mawili, yani jina la zamani na jina jipya, ni vitabu vingine kabisa na hivyo ndio vimefungwa. Karani hawezi kukufungulia hata akikuonea huruma, na usimwombe wala usimpe chochote. Vinafunguliwa kwa amri ya mahakama.

Kwa hiyo unapeleka maombi yaliyoambatana na kiapo. Zamani watu wa Kigoma kesi zao za Mahakama Kuu zilikuwa Tabora, siku hizi Kigoma tuna yetu, kwa hiyo kama uliasiliwa miaka ya nyuma anzia masjala ya Tabora kuulizia namba ya shauri. Kwenye kiapo eleza sababu yako halisi. Ugonjwa wa kurithi kama sikoseli, kuogopa kuoa dada yako bila kujua, au kutaka tu kujua, na hapo ndipo kile kifungu cha haki ya kuwajua wazazi kinaingia. Na omba kitu chembamba: "jina la mama mzazi na mahali alipokuwa akiishi" ni rahisi kwa jaji kuliko "faili lote". Wakili wa kulipa hamna ulazima, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, uliza ustawi au mahakamani wakuelekeze kwa watoa msaada waliosajiliwa.

Kama ulitoka kambi ya wakimbizi au ng'ambo ya ziwa

Hapa usihangaike na RITA. Waliokuja 1972 toka Burundi wakapelekwa Ulyankulu, waliokuja 1993, na Wakongo wa 1996 waliofikia Nyarugusu, wengi walipotezana na watoto njiani na watoto wakalelewa na yeyote aliyekuwa karibu. Nenda Msalaba Mwekundu, wana huduma ya kutafuta ndugu na ni bure, watakuhoji kijiji, jina la chifu, njia mliyopita, na wanaweza kubeba ujumbe mfupi mpaka upande wa pili. Ujumbe ule hausitiriwi, ni habari za familia tu, usiandike siasa. Redio nazo zimesaidia sana ukanda huu, BBC walianzisha Gahuzamiryango mwaka 1994 kwa kazi hiyo hiyo ya kuunganisha familia.

Hatua ya 7: DNA

Fanya mkishaonana na mkikubaliana, sio kabla. Kipimo kinafanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali na huwezi kujipeleka tu, lazima ombi lipitie mahakama, polisi, wakili, ustawi na wengine waliotajwa na Sheria ya Vinasaba ya 2009. Vile vipimo vya kuagiza nje ndugu zako wa Buhigwe hawamo kwenye orodha zao, utapata binamu wa mbali Marekani basi.

Hatua ya 8: kumfikia mama

Hapa naandika polepole kwa sababu niliwahi kuharibu. Miaka ya mwanzo nilipata namba ya mama wa binti mmoja, nikapiga mchana, akapokea mwanaume, nikajitambulisha na nikasema nampigia kuhusu "mtoto wake wa kwanza". Mume hakuwa anajua. Yule mama alikuwa amebeba siri ile miaka ishirini na kitu na mi nikaimwaga kwa sekunde kumi. Binti hakumuona mama yake kwa muda mrefu sana baada ya hapo na nilikuwa mimi sababu.

Toka siku ile nafanya hivi. Sipigi simu, situmi sms wala watsap, na wewe usibandike picha yake kwenye magrupu. Namtafuta mwanamke mtu mzima anayeaminika na yule mama, dada yake au msimamizi wa ubatizo, naenda kwa miguu yangu, nasalimia, nakaa, naongea mengine kwanza. Alafu nasema nina salamu za mtu aliyezaliwa mwaka fulani mahali fulani, yuko salama, hadai kitu. Mwaka na mahali vinatosha, mwenye mtoto atajua. Na sema wazi kwamba hutafuti shamba wala mirathi, maana hiyo ndio hofu ya kwanza ya wajomba na baba wadogo, na wakiogopa wanafunga mlango kabla mama hajasikia.

Alafu unasubiri, hata miezi. Akikubali, kutaneni sehemu isiyo kwake wala kwako, nenda na mtu mmoja tu, ikiwezekana huyo mlezi wako, nimeona mama wawili wakishikana mikono na mtoto akasahauliwa pembeni kwa nusu saa nzima. Akisema hapana, usimfuate. Andika barua fupi yenye namba yako na jina alilokupa yeye, iache kwa yule dada yake na nakala kwa afisa ustawi kwenye faili lako, na ukibadilisha laini rudi ukawaachie namba mpya.