Somo: Ombi la afya kwa wote, kuanzia zahanati ya mtaa hadi City Hall, Nairobi

Makomredi, wengi mmeuliza tuanzie wapi na mambo ya afya kwa wote, na kila nikisema tuanze na karatasi naona mnanuna, mnataka firimbi na Moi Avenue. Barabara ipo tu. Lakini ukifika huko bila ombi lililoandikwa, mheshimiwa anatoka, anasema "nimewasikia", mnapigwa picha, mnarudi hosteli.

1. Chagueni dai moja. "Afya bora kwa wote" si dai, nani atalipinga? Dai ni kama hili: zahanati ya hapa mtaani iwe na dawa zake za kawaida kila wiki. Chini ya SHA, ile mamlaka ya bima ya afya ya taifa, matibabu ya zahanati na vituo vya afya yanalipiwa na mfuko wa serikali, mgonjwa aliyesajiliwa hatozwi, sasa huduma ya bure bila dawa ni huduma gani hiyo?

2. Jueni mlango. Zahanati ni za kaunti kwa mujibu wa Katiba, kwa hivyo hilo ni la bunge la kaunti, City Hall. Mambo ya michango ya SHA na sheria ya 2023 ya bima hiyo ni Bunge la Taifa. Mkichanganya mtarushwa huku na kule mpaka muhula uishe.

3. Ushahidi, na hapa msiwe na haraka jamani. Simameni nje ya geti, msisumbue manesi, wao pia wanaumia, ongeeni na wanaotoka. Mwombe mama akuonyeshe karatasi ya dawa, utakuta zimeandikwa nne, mbili zimepigwa tiki na mbili zimezungushiwa duara, maana yake akanunue kemisti. Andika tarehe, jina la dawa na bei aliyouziwa kemisti. Ukitaka picha omba ruhusa, halafu kunja pale penye jina lake ndio upige. Ugonjwa wa mtu si wa kuposti.

4. Iandikieni kaunti barua ya kuomba rekodi za dawa zilizoletwa hapo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki hiyo, na sheria ya 2016 ya kupata habari inaipa kaunti siku 21 kujibu. Wakinyamaza peleka malalamiko kwa Ombudsman, tume ya haki ya utawala, na huo ukimya wao nao ni ushahidi, uwekeni kwenye ombi.

5. Ombi lenyewe. Mimi hufuata muundo wa sheria ya 2012 ya maombi kwa Bunge hata nikiandikia kaunti: Kiswahili kinakubalika, pasiwe na kufutafuta, useme mlishajaribu wapi na mkajibiwa nini, kama kuna kesi kortini, umalizie na unachotaka wafanye. Kila mtu jina, namba ya kitambulisho, sahihi. Peleka nakala mbili, moja wakugongee muhuri urudi nayo.

MASWALI

Komredi wa Kahawa: Polisi walituambia hatuna kibali cha kuandamana.
Jibu: Sheria haisemi kibali, inasema taarifa kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, siku 3 hadi 14 kabla, na muda ni saa kumi na mbili asubuhi mpaka kumi na mbili jioni. Kifungu cha 37 kinawalinda mkiwa watulivu na bila silaha. Nakala ya barua ya taarifa hiyo watu watatu wawe nayo mfukoni, si mmoja.

Fresha (mwaka wa kwanza chuoni): Nina miaka 22 sina kazi, nilipe SHA?
Jibu: Ukiwa chuoni full-time, huna kipato na unaishi na mzazi, unaingia kwa mchango wake hadi ufike 25. Hakikisha tu amekuweka kwa simu, *147#, wengi hawajawekwa na hawajui.

Dada wa Kayole: Mbona hujagusa mama mboga? Aliyeajiriwa anakatwa 2.75% kila mwezi, mama mboga anaambiwa alipe mwaka mzima mara moja!
Jibu: Na hata akiwekwa kima cha chini, 300 kwa mwezi, hiyo ni 3,600 kwa mpigo na stoki ya kesho hajanunua. Hilo andikeni ombi lake peke yake dadangu, mlipeleke kwa Karani wa Bunge la Taifa. Ukianza rasimu nitumie niipitie, mimi nitakusanya sahihi za upande wa Eastlands.