Kubadilisha mbao zilizooza kwenye nyumba ya zamani ya mwangati bila kiraka kuonekana

Nyumba nyingi za mbao zilizojengwa enzi ya ukoloni katika nyanda za juu za Kenya zimevikwa mwangati, mti ambao wengine huuita mtarakwa: mbao za mlalo, kila moja ikiilalia ya chini yake. Mwangati hauozi upesi na mchwa hawaupendi. Zinazooza kwa kawaida ni safu mbili tatu za chini, zinazorukiwa na matope wakati wa mvua, na zile zilizo chini ya dirisha au mfereji wa paa unaovuja. Ziba njia ya maji kwanza, la sivyo utarudia kazi.

Ukisimama hatua kumi kutoka ukutani, unachokiona ni mistari ya kivuli. Kivuli hicho hutokana na unene wa ukingo wa chini wa ubao, na ndicho kinachofichua kiraka hata baada ya kupaka rangi. Kwa hiyo ng'oa kipande cha ubao mzima upande wa nyuma ya nyumba, ukipeleke yadi ya mbao kama sampuli. Kuagiza "sita kwa moja" hakutoshi: siku hizi ubao huo ukishapigwa randa hubaki kama inchi 5½ kwa ¾, ilhali wa zamani mara nyingi ulipasuliwa kwa kipimo kamili. Pima upana, unene wa ukingo wa chini na unene wa ukingo wa juu, kwa sababu nyingi zimechanwa kama kabari. Kama jua na mvua vimezila mbao jirani kutoka milimita 22 hadi 20, piga randa hadi 20.

Idadi: ukuta wa mita 3 kwa mita 2, wenye sehemu inayoonekana ya milimita 125 kwa kila ubao, una safu 16, yaani mita 48. Ongeza asilimia 10 ya vipande vya kutupwa: mita 53, takriban futi 174.

Ukiuziwa mwangati mpya, omba kuona kibali cha usafirishaji cha Huduma ya Misitu ya Kenya. Afadhali mbao kuukuu za nyumba iliyobomolewa. Saiprasi inafaa kwa ukuta wa kupakwa rangi, mradi uchague kiini na uache sehemu nyeupe ya nje, ambayo huoza upesi.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni mbao mbichi. Ubao wa milimita 150 ukikauka ukutani unaweza kusinyaa milimita 4 au 5. Mlalio, yaani sehemu ambapo ubao unaulalia mwenzake, unapungua na ncha zinapasuka. Zipange kivulini, ukiweka vijiti kati ya safu kila sentimita 60, kisha pima uzito wa ubao mmoja kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, zimekauka.

Kabla ya kubomoa, simamisha kipande kirefu cha mbao kando ya ukuta mzima na utie alama kwenye kila mstari. Hicho ndicho kipimo chako; pima maji itakudanganya, kwa kuwa nyumba yenyewe imeshakaa upande.

Usiukwanyue ubao mbovu kwa nguvu, utapasua ule wa juu yake. Ingiza kabari kwenye mlalio, pitisha bapa la msumeno wa kukatia chuma ukate misumari, kisha pasua ubao mbovu kwa patasi na uutoe vipande vipande. Rangi kuukuu huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu: lowesha kabla ya kukwangua, vaa barakoa, kusanya mabaki. Choma nguzo za fremu kwa bisibisi. Ikizama, nguzo nayo ibadilishwe.

Mbao mpya zipakwe praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, pande zote, nyuma na kwenye ncha pia, kabla hazijapanda ukutani. Ncha hunywa maji kuliko uso, kwa hiyo kila ukatapo, paka tena. Oili chafu ya gari iache. Rangi haitashika juu yake.

Tumia misumari ya mabati ya inchi 2½. Msumari wa chuma kitupu hutoa madoa meusi kwenye mwangati. Toboa kwanza karibu na ncha, kisha pigilia msumari mmoja kwa kila nguzo, milimita 10 hivi juu ya ukingo wa juu wa ubao ulio chini yake. Ukiupitisha kwenye mbao zote mbili, zitabanana na kupasuka zinapotanuka na kusinyaa. Maungio yaangukie kwenye nguzo, yasifuatane wima. Mlalio usiuzibe kwa silikoni: maji yaliyoingia nyuma hukosa pa kutokea, na rangi huvimba malengelenge.

Ukuta usiopakwa rangi ni mgumu zaidi, kwa sababu ubao mpya utang'aa mwekundu katikati ya kijivu. Hamisha mbao nzima za nyuma zije mbele, na mpya uzipeleke nyuma. Safu ya chini kabisa iache nafasi ya angalau milimita 200 kutoka ardhini, hata kama ya zamani ilikuwa chini zaidi.