Namna ya kuangalia Popeye ya kwanza, ile ya 1933, ukaifaidi

Watu wengi wakikutana na katuni ya kizamani wanaangalia sekunde chache, wanasema mbona haina rangi, wanaitoa. Sasa kama unataka kujaribu moja anza na Popeye the Sailor ya 1933, haifiki hata dakika 10, na hapo ndo Popeye, yule baharia anayekula spinachi akapata nguvu, alitoka gazetini akaingia kwenye sinema kwa mara ya kwanza. E.C. Segar alikuwa anamchora kwenye magazeti ya Marekani tangu 1929.

Kwanza kabisa tafuta kopi ya nyeusi na nyeupe. Miaka ya 80 katuni nyingi za Popeye zilichorwa upya juu kwa juu ili ziwe na rangi kwa ajili ya TV, na kusema kweli ziliharibiwa, vitu vidogo vidogo vimepotea. Seti ya DVD iliyotoka 2007, ya katuni za 1933 hadi 1938, ndo salama. Halafu ingia kwenye settings za TV uzime ile ya kulainisha picha, maana inaua kabisa mwendo wa michoro ya mkono.

Mara ya kwanza iangalie tu ucheke, usichambue kitu. Utaona inaanza na gazeti linachapishwa, Popeye yumo kwenye picha, mara picha inaanza kuimba!! Yaani wanaliaga gazeti mbele ya macho yako, mi hapo ndo napapenda kuliko kote.

Mara ya pili angalia midomo. Studio ya Fleischer kule New York, ndo waliotengeneza katuni hii, walikuwa wanachora kwanza halafu sauti inarekodiwa baadaye, ndo maana kuna sehemu unasikia mtu ananung'unika na mdomo haujapanuka vile, sio kopi yako mbovu. Usitegemee pia ile sauti ya Popeye uliyoizoea, ya Jack Mercer, yeye alikuja baadaye, hapa anayemsemea ni William Costello.

Mara ya tatu zima sauti, nenda moja kwa moja kwenye ngoma ya Betty Boop, yule binti nyota wa katuni nyingine za studio hiyo. Ndiyo, Betty yupo, kwa sababu filamu hii ilitoka kama katuni yake, walikuwa wanapima kama watu watampenda baharia. Anavyocheza ni laini kupita wenzake wote, na sababu ni kwamba ngoma hiyo ilitolewa kwenye katuni yake ya 1932 na ilichorwa kwa rotoskopu, kile kifaa cha Max Fleischer cha kufuatisha mtu halisi aliyepigwa filamu. Isimamishe fremu kwa fremu hapo, kisha rudi uangalie Bluto, yule adui wa Popeye, anavyotembea, tofauti utaiona mwenyewe.

Kama unaangalia na watoto ipitie kwanza peke yako, kuna utani wa kibaguzi wa enzi zile kwenye sehemu ya maonyesho. Spinachi nayo isubiri, inakuja mwishoni, kwenye reli.